Fimbo Zako Mbili

Kabi,

Nakuandikia nikiwa saluni, kioo nimekipa mgongo nisijione nilivyokaa. Mteja wangu wa mwisho yuko chini ya draya, hasikii kitu, anatabasamu tu kila nikimtupia macho. Upande ule mwingine wa soko wameshaanza kuchoma mbavu za jioni na moshi unaingia humu kama kawaida yake, kwa hiyo karatasi hii ikinuka nyama usishangae. Kesho unaenda Gilgil. Baba yako yuko nyumbani Waithaka anakufungia mabegi, na najua ameshasema habari ya sweta, dawa na maji ya kuchemsha mpaka begi lenyewe limechoka kusikiliza. Mimi sitasema habari ya sweta. Ukisikia baridi utavaa.

Mimi nina kitu kimoja tu cha kukupa, na kimenifaa kuliko sala za watu wengine, Mungu anisamehe: mashaka. Baba yako husema nilipozaliwa nilimwangalia mkunga vibaya. Inawezekana. Mkunga mwenyewe nilimjua baadaye, na sijabadilisha mawazo.

Unaenda kukaa kwa Bi Rotich, mwanamke ambaye hadi juzi hatukumjua, ufundishwe kwenye mazizi yake na ushindane dresaji, ule mchezo wa kuongoza farasi, na watu wenye miguu mizima, kwenye kundi lao, si lile la pembeni. Tangu alipopiga simu nina swali moja, na unalijua maana nimelisema mezani mpaka ugali ukapoa. Anakutaka kama mpanda farasi, au anakutaka kama picha? Nitakuambia nilivyolitafutia jibu. Lakini kwanza nikukumbushe mashaka haya nimeyafanyia wapi mazoezi, maana mengi nilikosea, na kwa hayo niliyokosea ndipo nilipojifunza kushuku vizuri.

Tuanze na zile Jumamosi. Yule dada wa mazoezi pale hospitali alituambia kuna watu upande wa Ngong Road wanaopandisha watoto wenye ulemavu juu ya farasi, bure, na kwamba inalegeza miguu iliyokaza. Neno bure likanikaa kooni. Nimefanya kazi sokoni muda wa kutosha kujua vitu vya bure huishia wapi. Nilikupeleka, ndiyo, lakini nilienda kukamata mtu.

Mtu mwenyewe akawa Otieno, amevaa gambuti na kofia ya kanisa ya harambee fulani ya zamani huko kwao Siaya.

"Sasa mama. Karibu. Usisimame hapo nyuma yake, huyo hupiga teke bila sababu."

"Na mtoto wangu atakaa wapi?"

"Juu. Juu hakuna teke."

Nilijaribu kutafuta kosa kwenye hayo maneno, sikulipata, na hilo likazidi kunitia wasiwasi.

Wakakupandisha kutoka kwenye ngazi ya mbao, mimi nikabaki chini nimeshika magongo yako. Hapo niliona jambo ambalo sijalisahau. Tulipokuwa chini, watu walikuwa wakiniuliza mimi habari zako na wewe umesimama hapo hapo. Anaitwa nani? Anasikia? Chakula anakula? Ulipofika juu, Otieno akaanza kukupigia kelele wewe mwenyewe. "Wewe! Mikono chini! Hiyo si usukani ya gari! Angalia mbele, huko chini umeangusha nini?" Nilishajifunga leso kiunoni nimwendee. Maisha yako yote hakuna mtu aliyewahi kukufokea. Walimu walikusifu hata ulipokosa hesabu, na shangazi zako walikupigia makofi kwa kumeza uji. Kisha nikaona uso wako. Ulikuwa umekasirika, lakini hasira ya mtu mzima aliyeambiwa ukweli na anajua ni ukweli. Nikafungua leso. Niliendelea kumshuku Otieno, ila kwa sauti ya chini.

Farasi alikuwa yule mzee wa mbio aliyestaafu, mwenye jina refu la Kizungu ambalo hakuna aliyelimaliza. Mimi nilimwita Askofu kwa sababu ya vile alivyokuwa akiangalia watu kama waliochelewa ibada. Jina likamganda. Hata wenye zizi wakaanza kumwita hivyo, kwa lafudhi yao.

Sikusomea farasi, nawe unajua sikusomea mengi. Nilisimama tu kwenye uzio Jumamosi baada ya Jumamosi, magongo yako kwapani mwangu, nikaangalia. Mwanzoni nilidhani dresaji ni gwaride la mtu aliyekosa jeshi. Unaingia uwanjani peke yako, pembeni kuna mbao zenye herufi zisizofuatana, na ukifika herufi hii unageuka, ukifika ile unasimama, na mtu amekaa kwenye meza anakupa maksi kwa kugeuka na kwa kusimama. Nikasema hawa watu wana wakati mwingi. Lakini nikaangalia mpaka nikaanza kuona kile wanachokiangalia. Nikaona mpanda farasi mzuri ni yule ambaye huoni anafanya nini. Farasi anageuka kana kwamba wazo ni lake. Na wewe, Kabi, chini ya kiuno ulikuwa na kazi nusu, lakini mikono yako ilitulia kuliko mikono yote pale. Askofu alikuwa akikusikiliza. Hakuwa na tabia ya kusikiliza watu.

Kisha Otieno akatuambia kuna mashindano, na kwamba siku hiyo farasi lazima asukwe singa za shingoni.

"Hiyo niachie mimi," nikasema. Kabi, usicheke. Mimi nimesuka maharusi, nimesuka wake za wachungaji, nimesuka mwanamke akiwa na uchungu wa kuzaa. Farasi angenishinda na nini?

Nilimsuka Askofu mistari ya kulala, kutoka juu ya masikio hadi mabegani, na pale katikati alipokuwa amenyonyoka nikamwongezea nywele za bandia, nyeusi nambari moja, ili zilingane. Alipendeza. Nasema hivyo hadi leo. Otieno alikuja akasimama, akavua kofia.

"Mama Kabi."

"Naam."

"Huyu ni farasi."

"Najua ni farasi."

"Sasa mbona anaenda ruracio kama bibi harusi?"

Kumbe husukwa vifundo vidogo vidogo vilivyosimama kama vitufe kwenye shingo, ili jaji aone umbo la shingo, wala haongezewi chochote. Tukafumua kwa haraka, watu wawili wakivuta huku na huku, na zile za bandia hazikutaka kutoka maana nikishona kitu huwa nimekishona. Uliingia uwanjani na Askofu akiwa na nywele zimesimama kama mtu aliyetolewa kitandani na moto. Na jaji akawapa wote wa kundi lenu utepe mmoja wa rangi moja, na watu wakasimama wakapiga makofi mpaka mikono ikawauma.

Lile lilikuwa kundi la walemavu. Wote mlishinda. Wewe uliangalia utepe wako, ukaangalia wa yule kijana wa nyuma yako ambaye farasi wake alitoka uwanjani kabisa akaenda kula majani, ukaona ni sawasawa na wako. Ukanipa niushike pamoja na magongo. Mimi nilikuwa nalia kwa furaha, na sikuona.

Haya basi, bango. Walipiga picha siku ile, na baada ya muda bango likatokea pale Uthiru, kando ya Waiyaki Way, wewe juu ya Askofu unacheka, na maandishi kwamba kila ndoto inawezekana. Na mbele ya farasi, yameegemezwa kwenye mguu wake, magongo yako. Nakumbuka mpiga picha alivyoyaomba kwangu. "Mama, tuyaweke hapa kidogo, yaonekane." Mimi, mwanamke ninayeshuku mpaka mizani ya nyanya, nikayatoa kwa mikono yangu miwili. Nilijivunia lile bango. Nilimwambia kila mteja. Nikalipiga picha, nikaibandika hapa kwenye kioo, na kanisani wakakusimamisha mbele, kina mama wakaja kukushika mabega mmoja mmoja kana kwamba umefiwa.

Ni wewe uliyekuja hapa saluni, ukasimama mbele ya ile picha, ukasema, "Mami, kwa hii picha siendeshi farasi. Nimekaa tu."

Nikabandua. Alama ya gundi bado iko kwenye kioo, nimekataa kuisugua.

Ndipo ukasema unataka kuingia kundi la kawaida. Otieno alisema inawezekana, kanuni zinaruhusu, ukipimwa na daktari utaandikiwa kibali cha kubeba fimbo mbili. Wengine wanabeba moja, au hawabebi, kwa sababu wanamwambia farasi mambo kwa miguu. Wewe ungemwambia kwa fimbo, moja kila mkono, nyembamba, kumgusa tu ubavuni pale ambapo mguu wa mwingine ungemgusa. Mimi nilikataa. Nilikuwa nimekaa nikahesabu mambo mawili yanayoweza kukupata: watakucheka, au watakuhurumia. Sikujua kuna la tatu.

Baba yako, ambaye huongea mara chache ndiyo maana husikilizwa, akaniuliza, "Wewe unaogopa atashindwa, ama unaogopa utamwona akishindwa?" Nikamwambia ale chakula.

Uliingia. Hawakukucheka, hilo walilipita bila shida, ni watu waliolelewa. Walikuhurumia. Unakumbuka yale mashindano ya kwanza na kina Zuri, wale wa miguu mizima? Ulipofika ile kona ya mbali, Askofu aliona mfuko wa plastiki akaruka mbio hatua kadhaa, ukamrudisha. Zuri alipita kona hiyo hiyo kama maji. Jaji akatoa maksi, na kwa hiyo kona wewe na Zuri mlipewa sawa. Chini ameandika kwamba anakupongeza kwa ujasiri. Mimi nikaona ni ukarimu. Wewe uliomba magongo yako, na vile ulivyoyachukua nikajua kuna mtu ataulizwa kitu.

Nilikufuata nyuma nikidhani unaenda chooni. Ulienda mpaka kwenye meza ya jaji, yule mama mwembamba mwenye miwani ya kamba, alikuwa anakunywa chai.

"Samahani, madam. Kwa ile kona farasi yangu alikimbia."

"Oh, usijali, mpenzi. Ulifanya vizuri sana."

"Sikufanya vizuri. Alikimbia. Mbona umenipa sawa na Zuri?"

Yule mama akaweka kikombe chini. Sidhani kuna mtu aliyewahi kumwendea jaji kulalamika kwamba maksi zake ni nyingi. Mimi mwenyewe nilitaka ardhi inifiche. Nilikuvuta koti, ukakataa kuvutika. Mwishowe akasema pole pole, "Uko sawa. Ilistahili kuwa chini." Nawe ukasema asante, kwa adabu kabisa, ukageuka. Njiani kuelekea kwa Askofu ukaniambia, "Alinipa maksi ya magongo, Mami. Mimi nilikuwa nimeyawacha kwako."

Mashindano yaliyofuata, jaji yule yule alikushusha maksi bila huruma. Akaandika: farasi anaegemea mkono wa kulia, acha kumvuta. Hakuna hongera, hakuna ujasiri. Hiyo karatasi uliitembeza nyumba nzima, ukamsomea baba yako akiwa bafuni.

Mimi wakati huo nilishajifunza vifundo. Nilifanya mazoezi kwenye vichwa vya wasichana wangu hapa saluni mpaka mteja mmoja akauliza kama ni fasheni mpya. Wenye farasi wakaona kazi yangu kwenye shingo ya Askofu, wakaanza kuniita kuwasukia wao pia asubuhi za mashindano. Na unajua mtu anayesuka, awe anasuka mtu au anasuka farasi, watu humsahau. Huongea juu ya kichwa chake. Nimesikia mambo kwenye yale mazizi, Kabi, ambayo nikiyaandika karatasi haitatosha na ndoa mbili zitavunjika.

Kwa hiyo siku ile ya utepe wa bluu nilikuwa nasuka farasi wa Zuri. Mama yake Zuri alikuwa amesimama kando, yule wa kofia pana kama sinia, anaongea na rafiki yake. Akakuona ukipita na Otieno. Akasema, "Yule mtoto hunitoa machozi. Kila nikimwona nasema, sisi tunalalamika nini?" Na machozi yakamtoka kweli, akajifuta na kitambaa. Nikaendelea kusuka. Nikakaza kidogo, farasi akaguna, nikamwomba radhi kimoyomoyo, hakuwa na kosa.

Mchana mkapanda. Zuri akapanda vizuri. Wewe ukapanda, na nilisimama kwenye uzio nikifuata herufi moja moja, maana sasa nilikuwa najua ninachokiangalia. Ile kona ukaipita. Kwenye mstari wa katikati Askofu akasimama sawasawa, miguu yote minne, kana kwamba wazo ni lake. Wakasoma majina. Ukawa wa pili, na utepe wa bluu. Zuri wa tatu.

Yule mama wa kofia hakusubiri watu wamalize makofi. "Hapana, lakini yeye ana fimbo mbili. Wangu ana moja. Hiyo ni haki kweli?" Machozi ya asubuhi yalikuwa yamekauka kabisa. Asubuhi ulikuwa malaika, baada ya chakula cha mchana ukawa mwizi.

Wanakamati wakaketi pale pale kwenye hema. Kibali kikatolewa, Otieno akaeleza. Mzee mmoja mwenye sauti laini akapendekeza kwamba labda, kwa amani, upewe utepe maalum, wa peke yako, mzuri hata kuliko huo, na wa pili apewe Zuri. Alisema kwa upole kiasi kwamba mimi mwenyewe nilikuwa karibu kumshukuru. Hivyo ndivyo wanavyokutoa nje, Kabi, wanakutoa wakikufungulia mlango kwa heshima.

Ukasema, bila kupandisha sauti, "Sawa. Mimi nimpatie Zuri fimbo zangu zote mbili, yeye aniazime miguu. Halafu tuingie tena."

Otieno akaangalia gambuti zake. Kisha Zuri akacheka, ile ya kutoka tumboni, akasema, "Mum, wachana nayo. Amenishinda. Uliona vile nilisimama kwa ile laini? Nilisimama kama duka." Na mambo yakaishia hapo. Utepe ukabaki wa bluu.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuliona kwa sababu ulikuwa unamlisha Askofu karoti. Mimi nilikuwa nyuma ya hema nacheka peke yangu, magongo yako mikononi. Tangu ulipozaliwa watu walikuwa wamekupigia makofi, na makofi yao yote niliyashuku bila kujua nashuku nini. Siku ile, kwa mara ya kwanza, mtu alisimama mbele ya watu akakuonea wivu. Alikushuku. Aliogopa kwamba mtoto wake hatakushinda tena. Hilo ndilo la tatu ambalo sikulijua. Jioni niliwanunulia nyama hapa hapa sokoni, na baba yako akauliza kama tunasherehekea utepe. Nikasema ndiyo. Haikuwa utepe.

Basi, Bi Rotich. Baada ya siku ile simu zilikuja. Wa kwanza alitaka uwe balozi wao. Nikamwuliza balozi anapanda farasi wangapi kwa wiki, akasema tutaongea. Bi Rotich alisema tu ana zizi Gilgil, amekuona ukipanda, anataka ukaishi na kufanya kazi na kushindana huko. Nikamwambia mambo kama hayo siongei kwa simu. Aje saluni. Na akija, nitamsuka.

Nilikuambia ni ukarimu. Haikuwa ukarimu. Mtu aliyesukwa nusu kichwa hawezi kuondoka, Kabi. Hawezi kusema ana mkutano, hawezi kusema tutaongea. Nusu moja imelala vizuri, nusu nyingine imesimama kama vita, na ataenda wapi hivyo? Nimepata ukweli mwingi kwa njia hiyo kuliko polisi. Nikaanzia kushoto, nikampigisha stori za mvua, na nilipofika katikati nikaweka kitana chini.

"Mtoto wangu akianguka?"

"Ataanguka," akasema. "Kwangu wote huanguka. Mimi nilianguka mwezi uliopita mbele ya wanunuzi."

Wote walioniambia habari zako kabla yake walikuwa wameapa kwamba hutaanguka. Nikachukua kitana, nikasuka mstari mmoja.

"Na picha?"

"Picha ya nini?"

"Picha. Ya kuweka kwa bango."

"Mama, mimi sina bango. Hata kibao cha njiani kiling'olewa na ng'ombe."

Mstari mwingine.

"Huko kwako kuna shida gani? Usinifiche."

"Njia ya kwenda mazizini ni matope kipindi cha mvua. Magongo yatazama. Nimemwaga kokoto, zimezama pia. Bado sijajua nitafanya nini."

Hapo ndipo nilianza kumwamini, na nikajikasirikia kwa kuanza. Mtu anayekuuzia kitu hakuonyeshi tundu. Nikamwuliza la mwisho, kwa nini wewe, wakati vijana wenye miguu wamejaa.

"Kwa sababu ya mikono yake. Yangu husumbua farasi, na miguu yangu ni mizima. Na nilisikia habari ya jaji na ile kona. Lakini nikuambie pia, ule mwendo wake wa kudunda, farasi akikimbia polepole, ni mbovu. Mbovu sana. Tutalia."

Nilivuta kidogo bila kukusudia. "Mama, unaniumiza," akasema. Nikamwambia pole, nikammalizia. Nilimsuka vizuri kuliko nilivyopanga.

Wakati anatoka nikamwuliza, nani atakuwa anamshikia magongo akiwa juu? Nilitaka aseme kuna mtu. Nilikuwa nimeshaandaa maswali kuhusu huyo mtu.

"Kuna msumari kwenye uzio," akasema. "Sisi hutundika makoti hapo. Atayatundika."

Sijui kama ninaweza kukueleza jinsi huo msumari ulivyonichoma. Miaka yote nimesimama kwenye ule uzio nikidhani nimeyashika kwa ajili yako. Na kweli nilikuwa nimeyashika kwa ajili yako. Lakini pia watu walikuwa wakiniangalia nikiwa nayo, wakasema, huyo ndiye mama yake, mwanamke shujaa. Nami nilikuwa nakula makofi yale yale niliyokukataza wewe. Kwa hiyo unapowashuku watu huko, ukimaliza nao wote, nishuku na mimi. Sitakasirika. Nitakuwa nimekufundisha vizuri.

Wanaopiga makofi kabla hujafika kwenye mstari wa katikati, hao waangalie. Anayekuita shujaa muulize amekuona ukifanya nini hasa. Anayekuambia mkono wako wa kulia unavuta, mwekee chai. Na usijidanganye kwamba wote ni wabaya au wote ni wema. Yule mama wa kofia, siku ya mvua kubwa, ndiye aliyetuleta mpaka mlangoni Waithaka, na aliongea vizuri njia nzima.

Draya imezima. Mteja ananiita, anataka kujiona. Nitamwachilia kisha nifunge, nije nyumbani, maana leo jioni nakusuka kabla ya safari. Nitakusuka mistari midogo inayokaa chini ya kofia ya kupandia farasi bila kuvimba. Na nitakapofika katikati ya kichwa nitaweka kitana chini na nikuulize kama unataka kwenda wewe, au unaenda kwa sababu sisi wote tumeshapiga makofi na unaona aibu kutukatiza. Hutaweza kukimbia, unajua. Ukisema hutaki, nitafumua nilichosuka na tutakula, na baba yako atafungua mabegi bila swali, nimeshamwonya.

Barua hii nitaisukuma ndani ya kiatu chako cha kulia cha kupandia, kule mwisho kwenye vidole, mahali utakapoihisi tu ukikivaa kazini. Kwa hiyo kama unaisoma, uko Gilgil, na ulinijibu kichwa kikiwa nusu, na nikamaliza kumsuka mtu anayekwenda kwa kutaka mwenyewe.

Tundika magongo kwenye huo msumari. Na siku mtu huko atakapolalamika kwamba fimbo zako ni mbili, nipigie simu siku hiyo hiyo, hata kama nina mteja. Nitanunua nyama.

Mama yako